Mwalimu Aliyepiga Mawe Mswaki

Katika duka langu la chini, lile la njia panda ya kwenda Vuga, nimeuza miswaki kwa wenye meno na kwa wenye mapengo, ila mteja mmoja tu amewahi kununua miswaki kwa ajili ya mawe. Alikuwa anaichagua kama mtu anayechagua mchumba. Anaufungua mmoja, anaupitisha juu ya mgongo wa mkono wake, anakunja uso. "Huu mgumu. Huu utavunja." Anafungua mwingine. Nikimwambia, "Mwalimu, mswaki ukishafunguliwa hivyo nani atauweka mdomoni?" ananitazama juu ya miwani kama vile nimepiga chafya katikati ya sala.

"Kidato cha Pili, umeanza lini kujali vinywa vya watu?"

Kidato cha Pili ndiyo mimi. Nina malori ya Fuso yanayoshusha kabichi na karoti hadi Dar es Salaam. Nina gereji, nina maduka, nina nyumba ya wageni yenye maji ya moto saa zote. Watu wenye mvi wananiita Bosi, na diwani akija huku ananisalimia mimi kwanza ndipo amsalimie mwenyekiti wa kijiji. Lakini kwa Mwalimu, tangu siku niliyoiacha shule mpaka leo nina kitambi na mkwe, sikuwahi kupanda darasa.

Jina lake sitalitaja, na halina haja. Walimu wako wengi ukanda huu, lakini ukisema Mwalimu na kunyamaza hapo, kila mtu anajua ni yeye. Alizaliwa wapi, ukoo gani, hayo kawaulize wa nyumbani kwake. Mimi naandika kwa sababu siku hizi, tangu zile habari zake zifike mpaka vyuoni, kila mtu anajifanya alimwelewa. Yule aliyekuwa anamkimbiza na mbwa ili asikanyage mboga zake sasa anasema, "Mwalimu alikuwa akipita kwangu, tukizungumza." Waongo watupu. Mimi nilimcheka, tena nilimcheka mbele yake, na sioni kwa nini nianze leo kujitia heshima ambayo sikuwa nayo.

Kazi yake, kama unaweza kuiita kazi, ilikuwa kukwangua utelezi. Sisi wengine wote tunaoishi milima hii utelezi ni adui. Akina mama wanaanguka nao na ndoo kichwani, malori yangu yanaserereka nao masika. Yeye anautafuta. Utamkuta kijitoni amevaa mabuti ya mpira na tai. Tai, ndiyo, katikati ya maji. Amekaa juu ya gogo, amepakata jiwe kama mtoto anayenyonya, anapiga mswaki taratibu, na maji ya kahawia yanachuruzikia kwenye bakuli la plastiki. Akimaliza analirudisha jiwe palepale alipolitoa, upande uleule ukiwa juu. Jiwe! Kana kwamba litapotea njia ya kurudi kwao.

"Mwalimu, mawe yameoza meno?" akina mama wanaotoka sokoni walikuwa wakimwuliza.

"Hayajaoza. Yaliyooza ni yenu, mnatafuna miwa mchana kutwa."

Wanacheka, wanapita. Yeye hacheki.

Niliwahi kumwuliza, siku ya mvua alipojikinga dukani kwangu, kwamba hasa anatafuta nini. Ilikuwa kosa langu, kwa sababu alinieleza mpaka mvua ikaisha na nyingine ikaanza. Ndani ya utelezi ule wa kahawia, alisema, mna viumbe vidogo kuliko vumbi, na kila kimoja kinaishi ndani ya nyumba ya kioo. Kioo kweli, kama cha dirisha. Nyumba ina vipande viwili, kimoja kimefunika kingine kama kopo la kiwi na kifuniko chake. Kioo chenyewe kimechorwa mistari na vitundu, na kila aina ina mchoro wake, kama vile kila khanga ina mji wake wa katikati. Yeye aliviita dayatomu. Mimi niliviita wadudu, kwa makusudi, kwa kuwa nilijua inamuuma.

"Siyo wadudu! Mdudu ana miguu. Hivi vinakula jua, kama kabichi zako."

"Kabichi zangu zinaliwa, Mwalimu."

"Ndiyo maana hazijawahi kukushangaza."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Ana kikombe cha chai mkononi ulichompa wewe mwenyewe, na anakutukana akiwa amekishika.

Tuliwahi kukaa darasa moja, mimi na yeye, kwa muda mfupi. Shule ilikuwa na darubini moja tu, ile ya kutazamia vitu vidogo, yenye kioo chini cha kuvutia mwanga wa jua. Alituweka mstari, tutazame tone la maji kisha tuchore tulichokiona. Ilipofika zamu yangu nikaona kope zangu mwenyewe. Nikarudi kwenye dawati, nikafungua kitabu, nikachora picha nzuri ya kitabuni, safi, yenye mishale na majina yote. Alipoiona hakupiga kelele. Aliichana vipande viwili mbele ya darasa. "Umechora kitabu," akasema. "Nilikuambia uchore kitabu?"

Muhula ule ule nikaacha shule. Siyo kwa sababu ya picha, asije mtu akasema hivyo. Nyumbani kulikuwa na viazi vya kubebwa hadi Magoma na mabega yaliyokuwepo yalikuwa yangu. Niliteremka mlima na gunia nikapanda na mfuko wa chumvi, mpaka nikanunua punda, mpaka nikanunua pikapu, na mengine yako barabarani, kila mtu anayaona. Lakini niliapa kwamba jicho langu halitagusa tena lile bomba lake, na kiapo hicho nilikishika miaka yote. Wageni wakubwa walikwenda kuchungulia darubini aliyoiweka nyumbani kwake, hata mchungaji alikwenda. Mimi, hapana.

Alikuwa na misemo ambayo aliirudia mpaka inachosha. Mmoja ni huu: "Shahidi mmoja hafungi mtu." Mwingine: "Jicho lina mapenzi." Maana yake, alisema, jicho linaona linachokipenda, na linachokichukia linakipita kama mdeni njiani. Alituambia hivyo tukiwa Kidato cha Pili, akamwambia hivyo mwenyekiti kwenye kesi ya mipaka, akamwambia hivyo bibi harusi siku ya harusi yake, na bibi harusi akalia.

Kanisani aliimba besi kwenye kwaya, tena besi ya kutikisa benchi. Halafu mchungaji anapohubiri kwamba Adamu aliwapa viumbe wote majina, unasikia kutoka nyuma, polepole, "Adamu aliachia kazi njiani." Walimtaka awe mzee wa kanisa akakataa kwa sababu vikao vilikuwa wakati ambao jua ni zuri kwa darubini. Alichukia umbea, lakini kwa kutazama utelezi wa kijito tu alikwambia nani huko juu amefua kwa sabuni ya unga na nani ameosha bomba la dawa ya nyanya. Umbea ni umbea, hata ukiupata kwa jiwe.

Na uchafu! Mtu aliyetufundisha kunawa mikono alinuka kama betri ya trekta. Sababu yake ni kwamba ili kuona mistari ya kioo lazima uondoe kila kinachooza, na cha kuondolea alikichukua gerejini kwangu, maji ya betri. Alikuwa anachemsha utelezi ndani ya maji ya betri mpaka kila kitu kiungue kibaki kioo kitupu. Mwanzo alichemshia jikoni. Mkewe, mama mfupi, mnene, mcheshi, ambaye sote tulimpenda na tulimhurumia, akatoa jiko nje na sufuria yake ikiwa bado inafuka. "Nyumba yangu siyo gereji," akasema, na mengine akayamalizia kwa Kishambaa ambacho siwezi kukiandika hapa. Mwalimu akahamia kwenye kibanda cha mbuzi. Mbuzi wakahama.

Suruali zake zote zilikuwa na vitundu vya tindikali. Lakini akishaweka kile kioo juu ya kipande cha kioo kingine na kukigandisha, anakiinua juani kwa fahari. "Safi! Hakuna hata chembe ya uhai iliyobaki." Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote kinywani mwake. Kumbuka maneno hayo, yatamrudia.

Sasa, juu ya kijiji kuna mwamba tunaouita Jiwe la Jasho, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka humo bila tundu, yanavuja tu, kiangazi na masika. Hapo ndipo Mwalimu alipopata ugonjwa wake wa kweli. Alisema amekuta juu ya mwamba ule dayatomu mbili ambazo hazimo katika kitabu chochote alichoweza kukiomba popote. Moja ndefu, yenye ncha huku na huku, kama punje ya mchele. Nyingine fupi, ya duara, kama harage. Aina mbili mpya, duniani hakuna anayezijua, na ziko kwetu. Akaziwekea majina kabla hata hajakubaliwa. Ile ndefu itaitwa kwa jina la Vuga, kwa heshima ya makao ya wafalme wetu wa zamani. Ile fupi itaitwa kwa jina la mkewe.

Alilitangaza hilo kwenye harambee ya kanisa, mama mwenyewe akiwa amekaa palepale. "Kwa kuwa ni fupi na ya duara," akasema.

Mama akamchapa na mtandio. "Nipe sukari, baba! Jina ninalo."

Maana sukari kwake ilikuwa haba. Senti ya pensheni ikiingia inatoka kwenda kununua vioo. Tulicheka sana siku ile. Mama yule alifariki baadaye, na tangu hapo ukimtania Mwalimu juu ya ile fupi hakujibu kwa tusi. Alisema tu, "Nimeahidi," akaondoka.

Mimi nilikuja na mpango wa tangi. Kitongoji cha chini hakikuwa na maji, na nyumba yangu ya wageni ilikuwa inajengwa. Nikasema nitajenga tangi la zege pale kwenye Jiwe la Jasho, nitavuta bomba, kitongoji kipate maji bure na mimi nipate yangu. Ukaitishwa mkutano. Kila mtu anapiga makofi. Akasimama Mwalimu na tai yake.

"Pale kuna viumbe wawili wasiopatikana kwingine kokote duniani."

Mama mmoja wa kitongoji cha chini, mtoto mgongoni, akamjibu bila kusimama. "Na sisi, Mwalimu, tunapatikana wapi kwingine?"

Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Alisimama vilevile mpaka kicheko kikaisha, halafu akasema, "Swali zuri," akakaa. Nilijenga tangi. Mwamba ukakauka, ukawa mweupe kama mfupa. Sijutii hata kidogo. Nenda kitongoji cha chini ukawaulize wanawake kama wanazililia dayatomu.

Baada ya hapo alininunia miaka. Lakini kwetu huku shikamoo haikataliwi, na mimi niliijua silaha hiyo. Nikimwona mbali nasimamisha gari, nateremsha kioo. "Shikamoo, Mwalimu!" Anasimama, anatazama mlima, anaujibu mlima. "Marahaba." Maji ya bomba langu hakuyanywa. Alikuwa anateremka na dumu lake bondeni, mzee mzima, akipita mbele ya bomba linalomwagika. Ukaidi wa kijinga namna hiyo sijauona tena.

Alikuwa bado na vioo vyake alivyovitengeneza kabla ya tangi, rafu nzima. Akatuma picha na maelezo kwa wataalamu wa nje. Jibu likaja, na jibu lilikuwa msemo wake mwenyewe umegeuzwa kuwa rungu. Umbo ni shahidi mmoja. Siku hizi anatakiwa na wa pili, yaani vinasaba, ile chapa ya ukoo iliyomo ndani ya kila kiumbe. Umbo na vinasaba wakisema neno moja, ndipo jina linapokelewa.

Ndipo alipokuja yule binti. Baba na mama yake walikuja Mponde kuchuma chai kutoka Njombe, yeye akakulia kwenye nyumba za kampuni, akasoma mpaka chuo kikuu, na kazi yake ni hivyo hivyo vinasaba. Alilala kwenye nyumba yangu ya wageni, ndiyo maana habari hizi ninazo. Alikwenda kibandani, Mwalimu akamshushia rafu nzima kama mtu anayeonyesha mahari.

"Mwalimu," binti akauliza, "hivi umevisafisha na nini?"

"Tindikali. Safi kabisa. Hakuna hata chembe ya uhai."

Binti akakirudisha mezani kioo alichokuwa amekishika. Halafu akasema, kwa adabu lakini bila kuzunguka, "Basi na vinasaba vimeungua humo humo, Mwalimu. Shahidi wa pili umemchemsha."

Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikashika meza. Maisha yote mtu anachemsha ushahidi wake mwenyewe, tena kwa maji ya betri yangu! Kama angekuwa mvivu kidogo, angeacha hata chupa moja chafu mahali, angeokoka. Usafi ndio uliomponza. Hili kosa mimi nisingeweza kulifanya, kwa sababu mimi sina usafi huo.

Vilihitajika vilivyo hai. Mwamba ulikuwa umekauka. Mahali pekee palipobaki maji ya Jiwe la Jasho ni ndani ya tangi, na tangi lina mlango wa chuma, na ufunguo uko kiunoni kwangu.

Alikuja getini asubuhi, binti kamshika mkono. Ndipo nilipojua kwamba macho yamekwenda. Presha ya macho. Alinitafuta kwa kugeuza sikio. Nikawaza, leo ndiyo leo. Nikakaa kimya kidogo nione atafanya nini.

"Najua upo," akasema. "Nasikia tumbo lako linapumua."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kidato cha Pili. Nimekuja kuomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Unajua wa nini. Usinifanye niseme."

"Sema tu."

Akasema. Yote, kwa sauti ya darasani, amesimama kwenye jua: kwamba amekosea njia ya kusafisha, kwamba hana ushahidi, kwamba tangi langu alilolipinga ndilo lenye maji aliyoyataka. Wafanyakazi wangu wote wanasikia. Nilidhani ningefurahi zaidi. Nikachukua ufunguo tukapanda.

Ndani ya tangi hamkuwa na kitu, giza halizai utelezi. Binti akavunjika moyo. Lakini pale ukingoni, maji yanapofurika na kumwagikia nje juani, zege langu lilikuwa limeota. Mwalimu akaomba apelekwe. Akapitisha kidole. "Huu siyo, huu ni nyuzi za kijani." Akasogea. "Huu siyo." Akainama karibu aanguke, nikamshika mkanda kwa nyuma, nikimshika kama gunia. Kidole kikasimama. "Huu hapa. Unateleza bila kushika. Rangi gani?"

"Kahawia," nikasema.

"Kahawia ya nini? Kahawia ziko nyingi."

"Ya chai ya rangi, iliyolala."

Akatoa mswaki mfukoni. Mpya, laini. Akalipiga zege langu mswaki, na safari hii hakuna maji ya betri, binti akaweka chupa kwenye boksi la barafu na kuondoka na dayatomu zikiwa hai.

Niliagiza mlinzi wa tangi asiusugue tena ukingo ule. Siyo kwa ajili ya Mwalimu. Watu wa chuo walianza kuja, na wakija wanalala kwangu.

Matokeo yalichukua muda mrefu. Binti alivikuza vile vitu kwenye vichupa, kimoja kimoja, akasoma vinasaba vya kila kimoja, akapiga simu. Neno la kwanza ni kwamba ni kipya, ni kipya kweli, hakifanani na chochote kinachojulikana. Hapo ndipo kijiji kizima kilipogundua kwamba kilimpenda Mwalimu siku zote. Neno la pili hawalisemi, kwa kuwa hawakulielewa, na mimi nililielewa kwa sababu alituma mtu kuniita.

Nilimkuta kibandani mchana, tai shingoni, darubini imewekwa mlangoni penye jua. Vioo vya zamani vimepangwa mezani.

"Kaa," akasema. "Binti anasema siyo aina mbili. Ni moja. Ndefu na fupi vinasaba vyao ni vilevile."

"Inawezekanaje? Mchele na harage?"

"Kopo la kiwi," akasema. "Kiumbe kikijigawa, kila mtoto anachukua kipande kimoja cha kopo na kukifanya kifuniko, halafu anajenga cha chini ndani yake. Aliyechukua kile kidogo anatoka mdogo kuliko mama. Wajukuu wadogo zaidi. Wanafupika, wanapoteza ncha, mpaka siku wanatupa kioo, wanaoana, wanaanza upya wakubwa. Nilikufundisha hili."

"Niliacha kabla."

"Uliacha kabla. Lakini mimi nililijua. Nililijua! Kama ile fupi ni uzee wa ile ndefu, basi lazima kuwe na za kati. Nikazitafuta kwenye vioo hivi, macho yangu yakiwa mazima. Hazikuwepo. Kwa hiyo nikasema ni mbili." Akapapasa meza. "Binti amechukua vioo viwili vyangu, anasema za kati zipo. Anasema labda lenzi yangu ilikuwa mbovu. Ananionea huruma. Mchungaji naye nikimwita ataniambia kitu cha kunifariji. Nahitaji mtu asiyenipenda."

Alikuwa amesema kweli.

"Weka jicho."

Kiapo changu kikaishia pale, kwenye kibanda cha mbuzi. Nikainama.

"Unaona nini?"

"Kope zangu."

"Hujabadilika. Rudisha kichwa nyuma kidogo. Zungusha hapo pembeni. Polepole! Huo siyo usukani wa Fuso."

Nikazungusha. Ukungu ukatembea, ukatembea, halafu vikatokea. Sitapamba. Vilikuwa vioo vidogo vyenye mistari, mistari iliyonyooka kuliko ukuta wowote niliowahi kulipia fundi.

"Ndefu naiona. Ina ncha," nikasema. "Na ya duara ipo."

"Hizo nazijua. Katikati."

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa kipofu, binti yuko mbali, na mama aliyeahidiwa jina yuko kaburini. Lakini hakuniita kwa hilo.

"Kuna moja ncha zake zimeanza kuisha, kama sabuni iliyotumika. Pembeni yake nyingine, sabuni iliyotumika zaidi. Na nyingine."

"Ngapi?"

"Zimejaa, Mwalimu. Hazihitaji hata kutafutwa."

Nilimwambia hivyo kama ninavyomwambia mtu kwamba injini yake imekufa, sikumpunguzia. Nje kuku alikuwa anaparua.

"Macho yangu yalikuwa mazima wakati ule," akasema.

"Yalikuwa mazima."

"Basi hayakuwa macho."

Nikakumbuka msemo wake ule wa jicho na mapenzi, na nadhani na yeye aliukumbuka, ila hakuna aliyeutamka. Nikauliza lile lililobaki. "Jina nalo ni moja, basi. Vuga au mama?"

"Vuga ina watu wengi wa kuikumbuka," akasema. Halafu akapapasa tena, akapata penseli na karatasi, akanisukumia. "Ulichokiona kichore. Binti anataka kila kioo na mchoro wake."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa malori."

"Chora."

Nikachora. Jicho moja darubinini, ulimi nje kama mtoto. Ile ndefu, zile sabuni, ile ya duara, kwa mpangilio wa kufupika. Ulikuwa mchoro mbaya, mistari imepinda, hauna mshale wala jina. Nilipomaliza akachukua karatasi, akapitisha kidole gumba juu yake ambapo penseli ilikuwa imechimba.

"Umechora kitabu?"

"Kitabu gani, Mwalimu? Sijafungua kitabu tangu uchane ile picha yangu."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo, na kusema kweli kicheko chenyewe hakikuwa kizuri, kama mlango wa tangi. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, nyuma ya tai.

"Nenda," akasema. "Umepanda. Kidato cha Tatu."

Mimi! Mwenye malori, mwenye gereji, ninayelisha nusu ya soko la Dar es Salaam. Nikatoka bila kuaga. Barabarani dereva wangu akaniuliza, "Bosi, mzee alikuwa anataka nini?"

Nikamwambia awashe gari.